Kanda ya Mtoto wa Tekla

Jumapili, 5 Julai 1987

Andika, Bernadina. Mkwe wangu ndiye anayeandika. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipitisha ndama. Padri ameniambia leo kwamba maneno yangu juu ya jirani niyatoe nyumbani kwangu, nisiyapeleke kisimani. Haya, nayatoa. Bernadina ameapa hatasema kwa mtu. Hata kwa Isidori, mume wake, mwanangu, ambaye hata hivyo hayupo. Yuko kwenye kombaini ya shamba la serikali, analala huko huko na ngano yao mpaka iishe.

Baada ya misa wazee wametangaza. Mifugo itaingia mashambani Jumamosi. Ni kama kila mwaka: siku ikishatajwa, mashamba yote yanakuwa malisho, ng'ombe wa kila mtu anakula mabua ya kila mtu, na mwenye mahindi yaliyosimama, shauri yake. Mahindi yangu yamesimama. Yote. Kutoka mlangoni mpaka korongoni. Na ndiyo chakula chetu cha mwaka, hakuna kingine.

Sikuogopa. Mimi nina pombe. Tangu tuhame Tlawi kuja huku Gehandu, mimi Perpetua nikipika pombe ya kazi, ya kuwanywesha wavunaji, watu hawaalikwi, wanaulizana tu ni lini. Mwaka ule wa ukame walikuja hata kama shambani hakukuwa na kitu. Walikunywa, wakaliangalia shamba, wakaondoka.

Lakini leo, kabla sijafungua mdomo, Tekla akafungua mkoba. Tekla ni jirani yangu, tumetoka wote Tlawi, tumehama mwaka mmoja, na tangu siku hiyo mvua inaanzia kwake. Mtoto wake Nicodemo ni fundi umeme kwenye karakana ya shamba la ngano. Mzungu mmoja alipokwenda kwao alimwachia kinanda cha umeme. Masika yote amekaa nacho peke yake karakana ikishafungwa. Sasa amejaza kanda. Kanda yake ya kwanza. Ina karatasi yenye picha ya mlima Hanang umevaa wingu, na jina lake chini. Nyimbo hazina maneno. Hazina ngoma. Na mmoja unaitwa Jiko la Mama Tekla.

Jiko. Mimi nimekula katika jiko hilo. Kuna moshi tu.

Watu wote wamemfuata Tekla nyumbani kwenda kusikiliza. Nimebaki nje ya kanisa na Margwe, ambaye ni kiziwi.

Jumatatu, 6 Julai

Nimekwenda kwa Tekla kuazima kichujio cha pombe. Kichujio ninacho. Nilitaka kusikia.

Amenipokea vizuri, ndivyo alivyo, anakupokea vizuri mpaka unachoka. Amenikalisha kwenye kiti chenye mgongo. Nicodemo amenipa shikamoo kwa kuinama, nikaitikia marahaba ile fupi. Akabonyeza radio.

Sasa niseme nini, Bernadina. Niseme kweli, Padri kasema kweli. Kwanza sikusikia kitu. Nikafurahi. Nikajua kanda imeharibika. Halafu kumbe ilikuwa imeshaanza, hujui ilianza saa ngapi. Ni kama upepo ukiwa bado uko mbali kwenye ngano, unaona masuke yanalala lakini wewe hujaguswa. Halafu umekugusa. Hakuna anayeimba, hakuna anayepiga, sauti tu inakuja juu ya nyingine kama ukungu unavyopanda Tlawi asubuhi, nyumba ya kwanza haionekani, ya pili haionekani, halafu unasikia ng'ombe wa mtu akikohoa na humwoni. Nilikuwa mwari tena. Niliona mlango wa mama yangu.

Nimefuta uso kwa kanga. Nikamwambia Tekla ni ule moshi wake.

Nikasema pia kwamba wimbo usio na maneno ni kama uji usio na unga. Nicodemo akasema ndiyo, mama. Hakukasirika. Watoto wa siku hizi hawana adabu hata ya kukasirika.

Tekla akaniuliza mahindi yangu vipi. Akasema yeye amemaliza, Jumatano atawaleta wote waje wanisaidie, na kanda watakuja nayo, watavuna wakisikiliza. Nilimwona. Nilimwona akiwa katikati ya shamba langu, watu wananivunia mimi lakini wanamsifu yeye. Nikamwambia asante, mama Nicodemo, usihangaike, yamebaki kidogo tu karibu na korongo.

Bernadina ameacha kuandika, ameniangalia. Nimemwambia kalamu haina macho.

Wakati wa kuondoka Tekla akanipa kanda moja, zawadi. Nicodemo ananakili nyingine. Nimerudi na kanda, na sasa nina vichujio viwili.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Tumekwenda ofisi ya kata. Wamecheza ngoma, wamepima magunia, bwana mmoja wa kilimo amesema mambo marefu juu ya mbolea. Halafu wakaweka kanda ya Nicodemo kwenye spika kubwa. Bwana wa kilimo akanyamaza katikati ya mbolea, akaangalia mlima. Mambo ya aibu. Mtu mzima analipwa.

Nimetengeneza mpango. Nimemvuta pembeni Patriki, katekista wetu, mtu mgumu, alishawahi kumfukuza kwenye kwaya mke wake mwenyewe kwa kutikisa mabega. Nimemwambia Patriki, mimi si mtu wa maneno, lakini wimbo usio na maneno unaficha nini? Kama ni mzuri si ungejitaja? Nikamwambia kuku wangu tangu Jumapili hawatagi. Ni kweli hawatagi. Niliwauza wakati wa Pasaka, lakini hilo hakuuliza.

Patriki amekunja uso sana. Amekwenda moja kwa moja mpaka kwenye spika, amesimama mbele yake na mikono nyuma, amesikiliza upande wote wa kwanza. Nikajisemea, leo ndiyo leo.

Amerudi ameniambia kwamba hajawahi kusikia kitu kinachomnyamazisha mtu namna ile. Ataomba nakala ipigwe kanisani kabla ya misa, ili watu waache kupiga soga za mahindi. Na amenishukuru, eti mimi ndiye niliyemfungua masikio.

Tekla alikuwa karibu. Akanishika mkono, akasema kumbe ni wewe uliyemsemea mtoto wangu kwa katekista, Mungu akubariki. Wanawake wote wakaniangalia kwa upendo. Sijawahi kuona siku mbaya kama hii.

Jumatano, 8 Julai

Pombe imeiva vizuri. Bernadina alikwenda nyumba kwa nyumba tangu asubuhi kualika. Kila mlango wamesema ndiyo, tunakuja kwa mama Isidori, tunapita tu kwanza kwa mama Nicodemo mara moja.

Amekuja Margwe. Kwa sababu hasikii kanda. Amevuna mstari mmoja, amekunywa kibuyu kimoja, amevuna nusu mstari, amekunywa vibuyu sijui vingapi, amelala juu ya mahindi aliyoyavuna. Hata hayo hatukuweza kuyachukua.

Bernadina akasema taratibu, mama, twende tukamwambie mama Nicodemo kwamba shamba bado lote, atawaleta watu leo hii hii. Nikamwuliza yeye ni mkwe wa nani.

Lakini nimewaza. Jioni nzima nimekaa mlangoni nikiyaangalia mahindi, na nimejua kosa liko wapi. Watu hawaendi kwa Tekla. Wanakwenda kwenye kanda. Basi na mimi nitakuwa na kanda. Radio ya Isidori ina kitufe chekundu cha kurekodi, nimekiona, yeye hatuachii tukiguse. Isidori yuko na ngano.

Jumatano hii hii, bado sijamaliza. Bernadina anataka kujua nani ataimba. Nimemwambia sio mimi, sauti yangu ni ya kusema. Nina mtu.

Alhamisi, 9 Julai

Tumekwenda kwa Gidahosh. Huyu ni Mbarabaig, boma lake liko kule mbugani upande wa Dirma, ng'ombe wake ni wengi na wembamba, na sauti yake ndiyo sauti ya dunia. Akiimba huko, huku kwetu mbwa wanakaa chini. Nilimpelekea tumbaku. Tukaweka radio juu ya kinyesi kikavu, mahali pazuri palikuwa hapo tu.

Kanda tupu hatuna. Nimetumia ile ya Tekla. Bernadina alisita. Nikamwambia zawadi ni ya mwenyewe, hata nikiipikia mboga.

Gidahosh aliimba kwanza wimbo wa dume lake kubwa. Mzuri, lakini mfupi, dume lenyewe lilikufa mapema. Akaimba mwingine wa babu yake. Bernadina akasinzia. Halafu bila kuombwa akaanza ule anaowaitia ng'ombe kwenda kwenye magadi, kulamba chumvi. Huo sasa. Unaanza chini tumboni, unapanda, unataja majina ya ng'ombe mmoja mmoja, unakuwa mluzi, unarudi tena. Mwili ulinisisimka. Nikasema huo, huo ndio, jaza kanda nzima.

Gidahosh akasema, mama, huo si wa watu.

Nikamwambia watu watazoea.

Akasema hajauimba siku nyingi, kwa sababu magadi sasa yako upande wa pili wa ngano ya serikali, kuzunguka ni safari, na ng'ombe wanalia chumvi mpaka wanalamba mawe ya watu. Nilimpa pole. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye kitufe. Ameimba mpaka kanda ikakatika yenyewe.

Nyumbani tumesikiliza. Bernadina hakubonyeza vizuri kila mara, kwa hiyo Gidahosh akinyamaza, ukungu wa Nicodemo unatokea kidogo nyuma yake, halafu Gidahosh anaufunika tena. Nimeona ni haki. Kila mtu alale chini ya mwenzake kwa zamu.

Radio yetu ni ndogo, haifiki korongoni. Spika kubwa na betri ya trekta anavyo mtu mmoja tu kata nzima. Nimekwenda kumwomba mwenyewe. Nicodemo amesema ndiyo, mama, kesho asubuhi. Hakuuliza hata ni ya nini. Hivi kweli mtu anaweza kuwa hivyo, au ananitega?

Ijumaa, 10 Julai

Nimelala chini. Andika nikiwa nimelala.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Niseme hivyo. Watu walikuja. Walisikia kwamba kuna kanda nyingine, ya mama Isidori, wakaja wote na vikapu, mpaka walionikwepa Jumatano. Konsolata, mke wa Patriki, alisema kwa sauti kwamba amekuja kusikia Perpetua akiimba, kama ni kufa afe leo. Wakacheka. Nikawaambia chekeni, na pombe kunyweni. Tekla naye alikuja na ungo wake. Alipoona shamba lote limesimama, aliweka ungo chini. Akaanza kuvuna upande wa korongo, haraka haraka, kama ni lake. Hilo liliniudhi kuliko kama angenisema.

Nicodemo akaweka spika juu ya kichuguu katikati ya shamba, akafunga waya kwenye betri. Akaniuliza, mama, sauti kiasi gani? Nikamwambia yote.

Gidahosh akatoka kwenye spika kama ametoka ardhini. Watu wakaacha kuvuna. Konsolata aliweka kikapu chini. Nilimwangalia Tekla, nikaona amefumba macho, na mimi moyo wangu ukakaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilitaka siku isimame hapo. Ukungu wa Nicodemo ulipita kidogo, Gidahosh akaufunika, akaanza kutaja majina.

Sasa ng'ombe wa Gidahosh walikuwa pale mpakani, nje ya mashamba, wanangoja kesho kama ng'ombe wote wenye heshima. Niliwaona wakinyanyua vichwa. Nikafikiri, hata ng'ombe wanapenda. Nikamwonyesha Konsolata.

Halafu vumbi.

Hawakuja wakila, Bernadina, wewe uliona. Walikuja wakikimbia kwenye chumvi. Mistari yote walipita kifua mbele. Watu wakapanda juu ya magunia, wakapanda juu ya watu. Konsolata alinikamata shingo akiniita mama yake. Ng'ombe wakafika kwenye spika, wakaizunguka, wakaanza kuilamba. Walikilamba kitambaa chake, waliilamba betri, walimlamba Nicodemo. Walipoona chumvi ni kidogo, ndipo wakakumbuka mahindi.

Ng'ombe wa wengine huko mpakani waliona wenzao wameingia. Nani angengoja.

Gidahosh mwenyewe alikuja mbio na fimbo, akapiga kelele warudi. Lakini Gidahosh walikuwa wawili sasa, na ng'ombe walimfuata yule mwenye sauti kubwa. Nicodemo alikuwa anatafuta waya chini ya matumbo. Mpaka anaukata, upande wa kwanza wa kanda ulikuwa umeisha wenyewe.

Mtu mmoja tu alikuwa bado anavuna. Margwe. Mgongo kwetu, polepole, mstari wake. Aligeuka kuomba pombe, ndipo alipoona.

Upande wa korongo yamebaki magunia mawili. Yale aliyovuna Tekla.

Jumamosi, 11 Julai

Leo mifugo imeingia mashambani kwa utaratibu. Kwangu haikuingia, haina la kufanya.

Asubuhi wazee walikaa. Nilikuwa na matumaini. Sheria inajulikana: ng'ombe akiingia kabla ya siku, mwenye ng'ombe anamlipa mwenye shamba, mahindi kwa mahindi. Nikasema maneno yangu, marefu, nikaanzia Tlawi. Gidahosh alisema machache. Alisema yeye alikuwa bomani kwake anachonga fimbo, akajisikia anaimba shambani kwa mama Isidori.

Wazee walicheka mpaka mmoja akatolewa nje. Halafu wakahukumu. Wamesema ng'ombe aliyeingia bila kuitwa ni mwizi, lakini ng'ombe aliyeitwa kwa jina lake ni mgeni. Na mgeni halipi alichokula.

Wamesema pia nimpe Gidahosh kibuyu cha pombe kwa kumchosha.

Hapo ndipo Tekla alipoanza kulia. Alisimama katikati ya watu, akasema mwenzangu atakula nini, tumehama wote, tumezika wote, tumebebana maji, mwenzangu atakula nini mwaka huu. Alilia vizuri. Sina namna ya kusema. Hakupiga kelele, machozi tu na mabega, na neno moja moja. Wanawake wakaanza kulia naye. Patriki alilia. Gidahosh aligeukia upande wa mlima. Na wakati huo huo, bila kuambiwa, kila mtu akaanza kusema kikapu changu, kikapu changu, na jioni hii hapa ndani kuna mahindi kuliko ambayo shamba langu lingetoa. Bernadina ameyapanga mpaka kwenye kitanda.

Kata nzima watu wanasema, mmeona mama Nicodemo alivyomlilia mwenzake.

Shamba ni langu. Hasara ni yangu. Na kwenye kilio changu mwenyewe, Tekla amelia kuliko mimi. Mimi nilijaribu, nikakuta nimekauka, kwa sababu nilikuwa namwangalia yeye anavyofanya.

Jumatatu, 13 Julai

Nicodemo amekuja asubuhi. Shikamoo yake ile ile. Nilijua amekuja kudai kanda ya mama yake niliyoifuta na spika yake iliyolambwa. Hapana. Anataka kuiazima. Anasema ile sehemu Gidahosh anaponyamaza na ukungu unatokea, hajawahi kusikia kitu kama hicho, angetaka kuanzia hapo kanda yake ya pili. Gidahosh amekubali, kwa tumbaku. Akaniuliza wimbo uitweje, maana mimi ndiye niliyeuunganisha. Nikamwambia hilo ni la kufikiri, lakini jina langu liwe na herufi kubwa kuliko za jiko. Bernadina anasema herufi zote za kanda ni sawa. Nimemwambia basi liandikwe mara mbili.

Mchana tumekula ugali wa mahindi ya Tekla. Ni mazuri. Ameyakausha zaidi ya inavyotakiwa, lakini ni mazuri.

Baada ya kula nimejificha jikoni kujifunza kulia. Nimeanza na mabega. Mabega si magumu, ukishapata mdundo wake. Halafu neno moja moja: mwenzangu, mwenzangu. Machozi yanakuja nikikumbuka Jumapili ile nje ya kanisa. Nimefika mahali pazuri sana, kama alivyofika yeye na kumpita kidogo, ndipo Isidori akaingia. Amepewa ruhusa ya siku moja kuja kuona shamba. Alinikuta nalia, akatupa kofia chini, akauliza ni nani, nani amekufa.

Nimemwambia bado, mwanangu.

Kwa hiyo sasa niko tayari, kilichobaki ni Tekla. Yeye hapatwi na kitu, ndiyo tabia yake. Bernadina, hii iandike kama sala, tena kwa mwandiko mzuri: Mungu Baba, simtakii jirani yangu mabaya. Naomba apatwe na hasara ndogo tu, ya mbuzi, au hata ya sufuria. Lakini iwe siku ya Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado hawajaondoka.